Dodoma: trafiki anakagua gari lililosimama, ajali inafanywa na linalotembea

#1 Mzee wa Kipilefti (mleta uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Kila tukigusa habari ya uendeshaji hapa Dodoma tunaishia palepale: bodaboda hawana nidhamu, trafiki hawatoshi. Naomba safari hii tuangalie kazi yenyewe inavyofanyika barabarani.

Njia nne za kuingia mjini, ya Morogoro, ya Singida, ya Iringa na ya Kondoa, zote zina trafiki. Ukisimamishwa unaulizwa yaleyale: leseni, bima, stika, mtungi wa zimamoto, pembetatu, waipa. Vyote hivyo hukaguliwa injini ikiwa imezimwa. Makosa yanayoua ni ya gari linalotembea: kuovateki kwenye mlima, kutanua kwenye foleni, kupita zebra mtu akiwa katikati, kuingia kipilefti (mzunguko wa barabara) bila kumpisha aliye ndani, kuchomekea. Askari aliyesimama chini ya mwarobaini hayaoni hayo, maana mita mia mbili kabla ya kumfikia kila dereva ameshageuka malaika.

Halafu kuna bei. Faini ya papo kwa papo ni 30,000 kwa kosa, liwe kosa gani. Waipa imekufa mwezi wa nane, Dodoma hii ambayo mvua ya mwisho ilikuwa Aprili: 30,000. Umeovateki semi (lori lenye tela) kwenye kona ya kupanda, huoni mbele: 30,000. Bodaboda na bajaji walishushiwa hadi 10,000 kwenye bajeti ya 2021/22. Sipingi, kwa kipato chao 30,000 ilikuwa inawafanya wakimbie askari, na pikipiki inayokimbia askari ni hatari kuliko kosa lenyewe. Lakini mfumo usiotofautisha waipa na kichwa kwa kichwa unamfundisha dereva kwamba vyote ni sawa.

Wadau wenye ujuzi, walimu wa udereva, mafundi, watu wa mabasi, shusheni nondo. Story za "juzi nilishuhudia" tuziweke pembeni.

#2 Gia ya Tatu

Naunga mkono hoja, na naanzia kwenye kuovateki kwa sababu ndiko hesabu inakowashinda wengi.

Chukua semi yenye urefu wa mita 18, inatembea 60. Wewe uko na gari ndogo, unataka kulipita kwa 80. Unaanza kutoka ukiwa mita 20 nyuma yake na unarudi kushoto ukiwa umemwacha mita 20. Ongeza urefu wa semi na wa gari lako: unatakiwa kumzidi kama mita 62. Tofauti ya mwendo wenu ni kilomita 20 kwa saa, yaani mita 5 na nusu kwa sekunde. Utakaa upande wa kulia sekunde 11. Ndani ya sekunde hizo wewe umekula mita 245 hivi, na basi linalokuja kwa 80 nalo limekula 245. Kwa hiyo kabla hujatoka unatakiwa uone barabara tupu takriban nusu kilomita.

Nusu kilomita kwa macho ni ngapi? Tumia nguzo za umeme. Za laini ndogo za vijijini mara nyingi zimeachana kama mita 50. Hesabu kumi. Kama huzioni kumi, rudi nyuma ya lori utulie.

Malori yakiwa mawili yameongozana, na mwanya wa mita kumi kati yao, hesabu inapanda hadi sekunde 16 na mita 700 na ushee. Hapo ndipo watu wanapoishia. Anaanza kwa hesabu ya lori moja, akifika usawa wa kichwa anagundua mbele yake kuna tela jingine, mwanya hautoshi kuingia, na basi linawasha full.

Kosa la pili ni kung'ang'ania tako la lori kabla ya kutoka. Ukiwa mita tano nyuma yake huoni kitu zaidi ya mlango wa tela, na huna nafasi ya kuongeza mwendo kabla ya kuhamia kulia. Baki nyuma, shusha gia moja, chungulia, ongeza mwendo ukiwa bado upande wako, ndipo utoke. Ukilipita kwa 100 badala ya 80 muda unashuka karibu nusu, lakini mwanya ukikukatalia unarudi ukiwa na kasi ya kutisha. Na kama lenyewe linatembea 80, hapo huna unachokiokoa. Tulia.

#3 Mwana Kongwa

Mkuu hesabu nzuri, ila barabara ni njia moja kwenda na moja kurudi toka Morogoro mpaka hapa, malori ya Kigoma, Rwanda na Burundi yote humo humo. Msimu wa mahindi Kibaigwa ukiongeza fuso zilizoegeshwa nusu kwenye lami, dereva afanyeje? Tatizo ni barabara.

#4 Gia ya Tatu

Mwana Kongwa, barabara nyembamba inapunguza nafasi za kuovateki, haimlazimishi mtu kuovateki pasipo nafasi. Angalia upande wa pili: pakipanuliwa na kunyooshwa mwendo unapanda, halafu watoto wa shule na punda wa maji wanakatiza palepale walipokuwa wanakatiza. Hata ile barabara ya mzunguko wa nje, kilomita 112.3, Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa, Matumbulu, lengo lake ni malori yasipite katikati ya mji. Jambo jema sana. Ila ni lami pana na imenyooka, na inakutana na njia za vijiji. Asiyejua kusoma makutano ataumia huko kwa kasi kubwa zaidi kuliko mjini.

#5 Mama Zabibu

Naomba kuuliza wakuu, maana kila mtu ana lake: kwenye kipilefti nani ana haki? Na indiketa inawashwa vipi? Bajaji za Jamatini zinazunguka kwa pembeni kama vile haziwahusu.

#6 Mzee wa Kipilefti

Dada yangu, umegusa jina langu.

Kanuni ni moja: mpishe anayetoka kulia kwako, yaani aliyekwishaingia kwenye mzunguko. Ukubwa wa gari, kuwahi kufika na namba za ST (za serikali) havihesabiwi. Ukifika kwenye mstari na kuna gari linakuja kutoka kulia ndani ya mzunguko, unasimama. Hakuna gari, unaingia bila kusimama. Wapo wanaosimama pakiwa patupu wakakoroga foleni nzima, hilo nalo ni kosa.

Indiketa: unakwenda kushoto, washa ya kushoto kabla ya kuingia na ukae njia ya kushoto. Unanyoosha, ingia bila indiketa, halafu ukishapita tawi lililo kabla ya lako washa ya kushoto. Unakwenda kulia au unageuza kurudi ulikotoka, washa ya kulia, kaa njia ya ndani karibu na bustani, kisha ukipita tawi la mwisho kabla ya lako badilisha kuwa ya kushoto na utoke. Ile ya kushoto ya kutokea ndiyo wengi hawawashi, na ndiyo inayomwambia anayesubiri kwamba sasa anaweza kuingia. Usipoiwasha, magari matatu yanabaki yamesimama yakikuogopa bure.

Sasa bajaji. Dereva anaingia kwa njia ya nje kabisa, tairi la kushoto linagusa ukingo, na anataka kwenda kulia. Ina maana anakatiza mbele ya kila mtu anayetoka. Wewe uko ndani, umewasha kushoto, unatoka kihalali, yeye yuko kwenye kona ya kioo isiyoonekana. Mnagongana ubavu wako wa kushoto na mlango wake. Kinga yako: kabla ya kukata usukani kutoka, angalia saitimira ya kushoto kisha geuza shingo. Hakuna siku trafiki ameandika kosa hilo kwa kuangalia stika, mtu anatakiwa asimame palepale kwenye mzunguko na aangalie magari dakika kumi.

#7 Spana 13

Mleta uzi nakupinga kidogo. Ukaguzi wa gari lililosimama una maana, ila wanakagua visivyo. Mtungi wa zimamoto hauzuii ajali. Tairi na breki zinazuia.

Tairi: ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vya mpira. Kashata, yaani meno ya tairi, ikichakaa mpaka ikalingana na hivyo vinundu, kina kimebaki milimita 1.6, tairi limekwisha. Ukaguzi huo ni sekunde tano, hauhitaji kifaa. Umri: ubavuni kuna herufi DOT na mwishoni tarakimu nne. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi ya mtumba yana kashata nzuri lakini umri miaka minane, mpira umekauka, na mengine yalitengenezwa kwa ajili ya theluji, laini sana. Lami ya hapa saa nane mchana, gari limejaa, upepo pungufu, hilo linapasuka. Watu wanasema "tairi limepasuka kwa bahati mbaya". Tairi lenye upepo pungufu linajikunja kila mzunguko, linapata joto, nyuzi zinaachana. Upepo upime likiwa la baridi asubuhi, kiasi kimeandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Usiupunguze likiwa la moto ukidhani umezidi.

Malori ndiyo habari nyingine. Breki za upepo zinatakiwa kujaa hadi kama bar 8. Zikishuka karibu nusu ya hapo kengele inalia. Fundi wa njiani akikuta breki ya tela inavuja anabana hozi, breki za tela zinakufa, kazi yote inabaki kwa kichwa cha lori. Kwenye tambarare ya Bahi huoni tofauti. Nenda sasa mteremko wa Sekenke na tani 30. Kichwa kinapunguza, tela halina habari, linasukuma kutoka nyuma na kujikunja. Ongeza na ujinga wa kutembea nyutro ili kubana mafuta: injini haishiki tena, breki peke yake ndiyo inayozuia mzigo, ngoma zinakuwa nyekundu, na ukikanyaga mguu unakwenda chini hakuna kitu. Mteremko unashuka na gia ileile ambayo ungeupandia.

Anayetaka kukagua lori akae na dereva, amwambie akanyage breki mara tano injini imezimwa, aangalie geji inashuka kiasi gani, kisha azunguke asikilize tela kama linapuliza. Dakika tatu.

#8 Mzee wa Kipilefti

Spana 13 nimekubali, nimejifunza. Kumbe swali langu lilikuwa nusu.

#9 Tiketi Mkononi

Upande wa mabasi kuna watu wanadhani ving'amuzi mwendo vya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) vimemaliza kazi. Tueleweshane.

Mfumo wa VTS, yaani hivyo ving'amuzi, unasoma mahali basi lilipo na mwendo wake. Basi kikomo ni 80, likizidi mfumo unapiga kelele na kuandika. Kuna na kitufe cha kumtambulisha dereva, kinachoeleza nani alikuwa kwenye usukani saa ngapi. Hicho ni muhimu hasa tangu mabasi yaruhusiwe kutembea saa 24 mwaka 2023, maana la Mwanza na Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100, na hata kwa 80 bila kusimama ni saa 14. Lazima wawe wawili na wapokezane kweli, siyo mmoja alale kwenye siti ya konda huku kitufe chake kikisoma.

Lakini kifaa hakioni mstari wa barabara. Basi linaweza kuovateki kwenye mlima kwa 65 na kwenye mfumo likaonekana zuri kabisa. Kingine, kwenye kijiji chenye kikomo cha 50 basi likipita kwa 78 halijavuka 80. Mtoto anayevuka pale hajali mfumo umesoma nini. Ukiwa 50 unahitaji kama mita 35 kusimama gari ndogo, kuanzia jicho lione mpaka tairi litulie. Ukiwa 80 ni karibu 70. Basi lililojaa ongeza tena.

Tofauti hiyo ya 50 na 80 ndiyo tochi (kipima mwendo cha trafiki) inatakiwa kuilinda, na ndiyo maana tochi kijijini siichukii. Ninachochukia ni kwamba inakaa sehemu ileile kila siku, madereva wanaonyeshana taa, wanapunguza mita mia tatu na kukanyaga tena.

Njia ya bei rahisi ipo. Dodoma na Morogoro ni kama kilomita 260. Tuseme 60 kati ya hizo ni za vijiji, mwendo 50. Hapo peke yake ni saa 1 na dakika 12. Zilizobaki 200 kwa 80 ni saa 2 na nusu. Jumla saa 3 na dakika 42 bila kusimama hata kwa kuchimba dawa. Kosta au mchomoko (gari dogo la abiria) ukitoka stendi ya Msamvu, Morogoro, saa 12 kamili ukaingia stendi ya Nanenane hapa Dodoma saa 3 asubuhi, huhitaji tochi. Saa ya ukutani imeshakamata. Askari wa huku na wa kule wapigiane simu tu.

#10 Mwana Kongwa

Hiyo ya saa ya ukutani sijawahi kuifikiria 😂 Ila michomoko haina tiketi, utajuaje ilitoka saa ngapi?

#11 Tiketi Mkononi

Namba ya gari mkuu. Mmoja anaandika Gairo, mwingine anaisubiri Mtumba. Kamera mbili zinafanya hivyo bila kuchoka, lakini hata daftari linaweza.

#12 Kifungu

Mwongozo mdogo upande wa sheria, maana watu wanalipa bila kujua wanalipia nini.

Sheria inayotumika ni Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ya mwaka 1973. Ile karatasi unayopewa si hukumu. Ni pendekezo: ukikiri kosa, unalipa faini na kesi haifunguliwi. Usipokiri una haki ya kupelekwa mahakamani. Ndiyo maana kabla ya kulipa soma kosa lililoandikwa, namba ya gari na mahali. Ukiona limeandikwa kosa lisilo lako, sema palepale kwa adabu, usisubiri ukafike nyumbani.

Malipo ni kwa kontroli namba, kwa simu au benki, siyo noti mkononi. Deni linabaki kwenye mfumo wa polisi, unaweza kuliangalia kwa namba ya gari au leseni. Anayenunua gari la mkononi aangalie kabla ya kusaini chochote, la sivyo atarithi faini za tochi za mwenzake.

Kuhusu hoja ya mleta uzi kwamba bei ni moja: ni kweli kwa faini za barabarani, lakini mahakama ina uwezo wa kumfungia mtu leseni. Tatizo ni kwamba kuovateki vibaya mara nyingi kunaishia kwenye karatasi, mahakama inalisikia jambo kukiwa na maiti. Kama dereva aliyeandikiwa kosa hilohilo mara tatu ndani ya mwaka angepelekwa mahakamani moja kwa moja, kumbukumbu zote zipo kwenye mfumo, hakuna kipya cha kununua.

Leseni yenyewe siku hizi ni miaka mitano, 70,000. Miaka mitano bila mtu kukuuliza kama bado unaona vizuri usiku.

#13 Mama Zabibu

Na misafara je? Bunge likiwa linaendelea V8 zinatuwashia kimulimuli mpaka tunaingia mtaroni.

#14 Kifungu

Msafara ukija: indiketa ya kushoto, sogea kushoto, simama, usiingie kwenye kipilefti wala usigande katikati yake. Msafara ukishapita usidandie nyuma yake, hilo ni kosa na ni hatari, maana gari unalodhani ni la mwisho la msafara si lazima liwe la mwisho. Kimulimuli kwenye gari la mtu binafsi hakikupi wewe wajibu wowote, ila kumpisha ni afya.

#15 Mwana Kongwa

Swali la mwisho kwa Spana 13 au Gia ya Tatu. Lori likiharibika usiku watu wanakata matawi na kupanga mawe. Pembetatu inawekwa umbali gani?

#16 Gia ya Tatu

Anayekuja kwa 80 anahitaji karibu mita 70 kusimama, na hapo kama taa zake ni nzima na hajasinzia. Kwa hiyo tembea hatua 100 kutoka nyuma ya gari, weka pembetatu ya kwanza. Kama kuna kona au mgongo wa kilima, iweke kabla ya kona, siyo baada, hata kama ni hatua 200. Ya pili weka mbele ya gari, kwa ajili ya wanaotoka upande wa pili, maana nao wanakuja kukutana na watu wanaolikwepa gari lako. Tembea ukiwa pembeni ya lami na pembetatu umeishika mbele ya kifua, uso wake wa kung'aa ukiangalia magari.

Matawi mabichi mchana yanasaidia, usiku hayang'ai. Mawe ni shida nyingine: lori linatengenezwa saa tisa usiku, tanboi (utingo) anarukia ndani, mawe yanabaki kwenye lami. Saa kumi na moja anakuja mtu wa pikipiki na taa moja. Kabla ya kuwasha injini, mtu mmoja arudi nyuma na tochi ya simu ahesabu mawe aliyoyapanga, yote yaingie mtaroni.

#17 Spana 13

Nyongeza: viakisi mwanga nyuma ya tela vikiwa na vumbi la Dodoma ni sawa na havipo. Tambara na maji nusu lita, kila mnaposimama kula.